Asiye na makazi, hana kwao, mkimbizi, mzururaji: uandike lipi?

Ziwa Tanganyika lilipopanda na kuingia kwenye nyumba za ufukweni hapa Kigoma, niliombwa niandike barua ya kuomba mabati na turubai kwa ajili ya kaya kumi na moja za Katonga. Nikaandika kama nilivyozoea kusikia redioni: "watu hawa wasio na makazi". Nina desturi ya kuwasomea wanaotajwa kabla barua haijaenda kwa mtendaji, basi nikawasomea. Bibi mmoja, aliyekuwa amejishikiza kwa mdogo wake Ujiji, alisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi kwangu kupo. Kupo chini ya maji."

Nikakata mstari ule. Shida ni kwamba sikuwa na wa kuweka mahali pake, na kila neno nililojaribu lilimfaa mtu mwingine, siyo yule bibi. Ninachoweka hapa chini kimetokana na usiku ule na barua nyingi zilizofuata. Nimekiandika kwa mtu aliye katikati ya risala, muhtasari wa kikao, habari ya redio au tafsiri, akasimama kwenye neno hili bila kujua achukue lipi.

Tunapima kwa nini

Kwanza, kinachokosekana ni kipi. Watu husema "hana nyumba" kana kwamba ni jambo moja. Muungano wa mashirika ya Ulaya uitwao FEANTSA uliligawa mwaka 2005 katika ngazi nne: asiye na paa kabisa, mwenye pa kulala pasipo nyumba yake (mfano wa kituo cha kuhifadhi watu), anayekaa bila uhakika wa kesho, na anayekaa mahali pasipofaa kukaliwa na mtu. Mgawanyo mzuri, ila kwa sikio la Mswahili kuna ngazi imesahauliwa. Mtu anaweza kuwa na nyumba ya matofali na bati la msauzi, na bado watu wakasema hana kwao.

Pili, neno linamdai nani. Kwangu hiki ndicho kigezo kizito, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Kuna neno linaloeleza hali tu, kuna linaloonyesha kidole kwa aliyetenda, na kuna linalomgeuzia lawama huyo huyo anayelala nje.

Tatu, linafungua mlango gani ofisini. Nne, likisomwa mbele ya mwenyewe, atainamisha kichwa au ataitikia?

Asiye na makazi, na ndugu yake asiye na makao

Yote mawili yametoka kwenye kukaa, na kukaa ni kitenzi kipana: unakaa kwenye kigoda, unakaa Mwanga, unakaa siku tatu Tabora ukisubiri treni. Kwa hiyo makazi si jengo. Serikali yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana jina la wizara ni Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Nyumba na makazi vimewekwa bega kwa bega kama vitu viwili. Makazi yana njia, kisima, majirani, na anwani ya kumwelekeza mgeni. Anayelala kwenye pagale la mwenziwe ana kuta, pengine na nusu ya paa, lakini makazi hana.

Halimdai mtu. "Asiye na" ni hali iliyosimama yenyewe, haina jana wala aliyeisababisha. Kwa mwandishi wa ripoti huo ni urahisi. Kwa aliyebomolewa nyumba wiki iliyopita ni kama kufutiwa ushahidi. Ukisoma "kaya 40 zisizo na makazi" huwezi kujua kama zimekumbwa na mafuriko, zimeondolewa na tingatinga, au zimekuwa hivyo tangu enzi za mababu.

Ofisini linapita vizuri kuliko yote. Lina adabu, halina kabila wala umri, na mfadhili analielewa. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu Nairobi linalitumia neno hilo hilo kwa Kiswahili, kwa hiyo wafasiri hawana cha kubishana.

Hapo kwenye "makao makuu" pana mtego mdogo. Makao limechukuliwa na taasisi: makao makuu ya kampuni, makao ya watoto yatima. Nimewahi kusoma taarifa iliyosema kuna "watoto wasio na makao wanaolelewa katika makao". Mwandishi hakukosea sarufi hata kidogo. Ila kama sentensi yako inahusu kituo cha kulelea watoto, chukua makazi, uyaache makao yafanye kazi ya kituo.

Linamfaa anayezungumzia kundi kubwa lenye sababu mchanganyiko, au sera, au takwimu. Kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina ni neno baridi.

Hana kwake, hana kwao

Haya mawili hutofautiana kwa silabi ya mwisho na yanapishana kama Kigoma na Bagamoyo.

Hana kwake: hajajenga, au amejenga na kimepotea. Mtu mzima anayekaa kwa watu. Ni jambo la kawaida mjini, na wala si aibu kubwa kwa kijana. Mpangaji wa chumba kimoja anayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo naye husema "sina kwangu, napanga tu". Utaona basi kwamba linakusanya watu wengi mno. Linamweka mwalimu mpya wa sekondari kwenye kapu moja na mzee anayelala kwenye baraza za duka. Sheria ya elimu ya Marekani kwa watoto wasio na makazi inamhesabu pia mtoto ambaye familia yake imejishikiza kwa wengine baada ya kupoteza nyumba au kuishiwa, maana wameona kwamba kuwa chini ya paa la ndugu si sawa na kuwa kwako. Kiswahili kilikuwa na "anakaa kwa watu" kwa jambo hilo hilo. Nalipendekeza sana, linasema ukweli wote bila kumvua mtu nguo.

Hana kwao ni jambo jingine kabisa. Hapo kinachokosekana ni watu. Hana ukoo wa kumtambua, hana kaburi la babu la kuonyesha, hana pa kupeleka mahari wala msiba. Kwenye miji yetu hii miwili neno hili lina historia nzito kuliko kwingine. Ujiji na Tabora vilikuwa vituo vya njia ya misafara iliyokwenda Bagamoyo katika karne ya 19, na waliopitishwa humo kwa minyororo walikuwa watu waliokatwa na kwao makusudi, ili pasiwe na wa kuwafuata. Mjini humu wapo watu ambao bibi wa bibi yao aliitwa hivyo. Unapoandika "hana kwao" juu ya mtu aliyefukuzwa chumba, unamwambia kitu ambacho mwenye nyumba hakumwambia.

Kwa upande wa anayedaiwa, hana kwake huacha mlango wazi kwamba kesho atajenga, hana kwao huufunga. Ofisini yote mawili hayana kazi. Hakuna fomu inayouliza kwenu ni wapi kwa maana hiyo, ingawa karibu kila mwenyekiti wa mtaa huuliza kwa mdomo kabla hajagonga mhuri.

Hana kwake, tumia kwa mazungumzo na kwa simulizi ya mtu mmoja. Hana kwao mwachie mwenyewe aseme kwa kinywa chake, nawe umnukuu.

Aliyebomolewa, aliyefukuzwa, aliyepisha

Hapa hatuna nomino, tuna vitenzi, na kwa maoni yangu ndipo Kiswahili kinapoonyesha ujuzi wake. Angalia silabi moja inavyofanya kazi. Amebomolewa: yupo aliyebomoa. Amebomokewa: nyumba imeanguka yenyewe, pengine mvua, pengine ukuta wa tope ulichoka. Mtu akikosea kati ya -lewa na -kewa kwenye barua ya madai, ameshasema kesi yote bila kujua. Kuna na kuvunjiwa, ambalo wengi hulitumia kwa wezi walioingia usiku, kwa hiyo "amevunjiwa nyumba" inaweza kumletea polisi badala ya turubai.

Aliyefukuzwa linamhusu mpangaji, na watu wa kawaida husema zaidi "ametolewa vyombo nje", maana hicho ndicho jirani anachokiona: godoro, ndoo na sufuria vimepangwa barazani, na watoto wamevikalia.

Halafu lipo neno la wakubwa: kupisha. Wananchi wamepisha mradi, wamepisha hifadhi ya reli, wamepisha barabara. Kupisha ni adabu, unampisha mzee kwenye mlango. Kulitumia kwa mtu aliyewekewa alama ya X nyekundu ukutani ni kumpa hiari ambayo hakuwa nayo. Sisemi lisitumike, wapo kweli waliokubali, wakalipwa fidia, wakahamia kwingine kwa furaha. Hao wamepisha. Wengine wamehamishwa, na hilo ni neno la kutosha, lina mtendaji na halina matusi.

Kwa maji yaliyopanda je? Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo maji hupanda kuliko yanavyotoka. Huwezi kulishtaki ziwa. Hapo magazeti hukimbilia "wahanga" au "waathirika". Mhanga asili yake ni anayetolewa kafara, kwa hiyo mimi huliacha. Mwathirika linafaa, ila limechoka. Limebebeshwa ukimwi, moto, ajali za barabarani na mikopo ya mtandaoni. Bora useme tukio: waliofurikiwa, walioingiliwa na maji.

Ofisini vitenzi hivi vina nguvu kwa sababu vinauliza swali linalofuata: na nani, lini, kwa amri gani? Mbele ya mhusika huitikiwa papo hapo. Vinamfaa anayedai haki au anayeripoti tukio. Havimfai anayetaka kuhesabu watu kwa jumla, maana kila kaya ina kitenzi chake.

Mkimbizi

Kigoma neno hili ni la kila siku, na kwa sababu hiyo hutumika ovyo.

Kinachokosekana si nyumba. Ni ulinzi wa nchi. Mkataba wa Geneva wa 1951, ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, na Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998 vyote vinamtaka mkimbizi awe amevuka mpaka wa nchi yake. Aliyehama Kibirizi kwenda Mwanga, humu humu Kigoma, kwa sababu ya maji hajawa mkimbizi hata akihama mara kumi. Kwa walioyahama makwao ndani ya nchi zao, Umoja wa Afrika ulipitisha mkataba wake Kampala mwaka 2009, na Kiswahili cha mashirika huwaita wakimbizi wa ndani. Tamko hilo lina kasoro yake, maana "wa ndani" hupotea haraka mdomoni, linabaki "wakimbizi", na jirani wa kata ya pili anageuka mgeni.

Na nyumba? Tazama Ulyankulu, mkoani Tabora. Pamoja na Katumba na Mishamo, ambazo leo ziko Katavi, Ulyankulu ilianzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, nayo iliitwa makazi, si kambi. Watu walipewa ardhi, wakalima, wakajenga, wakazika wazee wao. Walikuwa na nyumba, na makazi yenyewe kwa jina, na waliendelea kuitwa wakimbizi kwa zaidi ya miaka 40, hadi ilipofika 2014 ambapo takriban 162,000 wa makazi hayo matatu walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Nyarugusu, wilayani Kasulu, yenyewe ni kambi, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo, na wapo vijana waliozaliwa humo ambao hawajapata kukimbia kutoka popote. Mkimbizi basi ni hadhi. Kufunga safari ni sehemu yake ndogo.

Kuhusu lawama, hapa mkoani linauma kwa namna ya pekee. Kiha na Kirundi vimekaribiana kiasi kwamba Muha akifika mjini mbali, lafudhi yake yaweza kumfanya aulizwe vitambulisho, na "mkimbizi" likawa utani usio utani. Kwa anayestahili, hata hivyo, ni neno la heshima ya kisheria: linamzuia kurudishwa kwenye hatari. Usimnyang'anye kwa kutafuta upole. Mkimbizi wa kweli ukimwita "mgeni asiye na makazi" umempunguzia haki zake.

Mzururaji

Linataja mwendo, halitaji nyumba. Linamdai mwenye kutembea peke yake: hana kazi, hana sababu ya kuwa hapa. Limetoka kwenye sheria za kikoloni, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imebeba mawazo hayo katika vifungu vya 176 na 177. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hii, zinazomtia mtu hatiani kwa kutokuwa na makazi au kazi, hazipatani na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu.

Linamfaa nani? Mwandishi wa habari za mahakamani anayenukuu shtaka, na mama anayemkaripia kijana wake aliyerudi saa nne usiku. Huyo kijana ana kwao, na chakula chake kimefunikwa mezani.

Mtoto wa mtaani, chokoraa

Mtaa kwa Tanzania ni ngazi ya serikali. Una mwenyekiti, una mhuri, na kila aliye mjini ni wa mtaa fulani. Kwa hiyo "mtoto wa mtaani" kwa mantiki ni watoto wetu sote, lakini sikio linasikia kitu kimoja tu: asiye na mzazi, mchafu, mwizi. Neno limeufanya mtaa kuwa mzazi wake, na wazazi halisi, pamoja na sisi tunaopita, tumetoka humo bila deni.

Ustawi wa jamii husema "watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani". Ni refu, lakini urefu wake una maana. Wengi unaowaona wanabeba mizigo stesheni au wanaokota chupa sokoni hulala kwao. Kinachowatoa ni njaa. Kuwaita wasio na makazi ni kosa la ukweli. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto nayo, katika maelekezo yake ya 2017, ilijumuisha wanaolala mtaani na wanaoutegemea kwa riziki.

Chokoraa ni la Kenya zaidi, limetokana na kuchokora, yaani kupekuapekua jalalani. Limefika kwetu kwa muziki na simu. Msanii alitumie akitaka. Kwenye barua ya kuomba ada ya mtoto, hapana.

Kulingana na hali yako

Unaandika takwimu, andiko la mradi au tafsiri ya waraka wa kimataifa: asiye na makazi, ukieleza mara moja mwanzoni unamaanisha ngazi ipi kati ya zile nne. Usipoeleza, kila msomaji atahesabu wake.

Unaandika kudai fidia au kupinga kuondolewa: kitenzi chenye mtendaji. Amebomolewa, ametolewa, wamehamishwa. Ukisaini mahali palipoandikwa "tumepisha", ujue umesaini nini.

Unamwelezea mtu mmoja kwenye risala ya harambee, na atakuwa amekaa mbele: anakaa kwa watu, amejishikiza, anatafuta pa kuegesha mbavu. Watu watatoa, naye atainuka akiwa na uso wake.

Yuko ng'ambo ya mpaka wa nchi yake na hawezi kurudi: mkimbizi, bila kupunguza wala kuongeza, na ujiridhishe kwanza kwamba hadhi hiyo anayo au ameiomba. Amekwisha kupewa uraia kama wa Ulyankulu? Mwite Mtanzania, au mwite jina lake.

Ni mtoto: eleza analala wapi na anashinda wapi, katika sentensi mbili. Hakuna neno moja linalotosha.

Ni mvuvi anayelala kambini ufukweni msimu wa dagaa, kambi ambayo pwani huitwa dago. Au kibarua wa tumbaku aliyejenga kibanda cha nyasi huko Urambo hadi mauzo yaishe. Au abiria aliyelala stesheni ya Tabora akisubiri treni ya kuunganisha. Hao usiwatafutie neno lolote kati ya haya. Wana kwao, wako kazini au safarini.

Na kama mhusika yupo, msomee. Bibi wa Katonga tulikaa naye tukajaribu mara tatu, akachagua mwenyewe: "Sisi ni wenyeji wa Katonga ambao ziwa limeingia majumbani mwetu bila hodi." Barua ilikubaliwa na mabati yakaombwa. Mtendaji alipoipitia alikata maneno mawili tu, "bila hodi".